Aliyeichomelea Ndiye Aanze Kukaa

Rwezamenyo, Jumanne, 1992. Mvua toka alfajiri, na nimeamka simwamini mtu.

Nianze na aibu yangu. Jumapili mzee wangu, baba wa watoto wangu, aliniponyoka. Tangu apooze miguu namwinua mwenyewe kutoka kitandani mpaka kitini, na msaada sitaki. Mgongo ukakataa. Akaanguka chini, akanitazama.

Watoto sijawaambia.

Ndiyo maana nikamwagiza Sefu, fundi wa kuchomelea hapa jirani, fremu ya kumnyanyulia: miguu minne, bomba juu, na kile chuma chenye nyuzi kama skrubu mwili mzima. Ukizungusha nati kule juu, chuma kinapanda, na mzee kwenye turubai lake anapanda nacho.

Chuma nilichagua mwenyewe. Sefu alinipa chembamba kinachong'aa. Vya kung'aa nimeviona vikidanganya, hata wakwe. Nikachukua kinene chenye kutu, nikatembeza nati mwanzo mpaka mwisho, haikukwama. Ila vijiti vyake vya kuchomelea nilivikuta vimelala kwenye sakafu yenye maji. Nikamwambia avikaushe, kiberiti kibichi kinawasha nini? Akacheka.

Leo kaileta fremu, imepakwa rangi ya buluu.

Rangi nani kaiomba?

"Mukecuru," akaniita, yaani bibi kizee, "hii iko nguvu. Hata ng'ombe inabeba."

"Ng'ombe sina. Kaa wewe."

Kwetu anayekuletea kinywaji hukionja kwanza mbele yako, ndipo unywe. Si matusi, ni adabu. Na chuma ni hivyo hivyo. Sefu akaitazama ile kona ya juu alipochomelea, akasema heri airudie kidogo.

Nikakwangua rangi kwa kisu. Pale alipounganisha pana matundu kama andazi.

Sikupiga kelele. Nilibeba jiko langu la mkaa mpaka kwake, nikakaa pale vijiti vikauke kimoja kimoja, yeye hacheki tena.

Alasiri kairudisha, bila rangi. Akakaa kwenye turubai bila kuambiwa. Nikazungusha nati, miguu yake ikaacha sakafu. Nikamwacha hapo mpaka chai ikachemka.

Mzee akacheka kitandani, mara ya kwanza tangu Jumapili. "Mteremshe, mtoto wa watu huyo."

Kesho ni zamu ya mzee. Lakini Sefu ni mwembamba, na mzee ana mwili kama wangu.

Kwa hiyo kabla yake nitakaa mimi.