Babu Yako Kwenye Filamu

Mtopanga, Jumamosi 14 Juni

Mjukuu wangu Rehema,

Naapa nitakueleza yote. Mimi ni bibi yako, dada mdogo wa babu yako, hata kama bado navaa sare za shule. Huku sote wazima. Umeuliza, kabla hujaenda kuitazama filamu huko Nairobi na wenzako, kama kweli babu alikubali kuchekwa.

Vijana walikuja dukani kwa babu na kamera moja. Walitaka babu awe muuza duka wa Tanzania, asalimie mpaka Mkenya mwenye haraka apandwe na hasira. Sikuwaamini. Walianza kucheka kabla hajafungua mdomo.

"Nipe soda!" mwigizaji akafoka.

"Karibu, mwanangu. Hujambo? Mama hajambo?"

Babu hakuwa akiigiza. Hauzi hata kiberiti bila kumuulizia mtu mamake.

Yule kijana mwigizaji akaacha kufoka. "Mama yuko hospitali, mzee," akasema taratibu, na hayo hayakuwa ya filamu.

"Mola amponye. Kaa kwanza."

Kamera haikuzimwa. Lakini walipoondoka niliwasikia garini wakimwiga babu, wakicheka, na hapo ndipo imani nao ikaniisha kabisa. Babu hakuwasikia; anawasifu tu kwa wateja.

Ukishaitazama nijibu upesi, wallahi usinifiche: jibu la yule kijana limo, au wamelikata wakabakisha mzee wa kuchekwa?

Bibi yako,
Mwanaisha