Wifi, Nilikata Maneno Yako Katikati

Wifi yangu mpendwa,

Maharagwe yamefika. Kaka yako aliyapokea kwenye steji ya matatu, akayabeba begani mpaka jikoni huku akicheka kama mtu aliyeshinda kesi. Mimi sikucheka. Niliyamwaga kwenye sinia nikayapekua kwa vidole, nikitafuta sijui nini. Karatasi ya matusi, labda. Mtu niliyemfanyia niliyokufanyia wewe, ananitumiaje maharagwe kutoka Longonot, tena yale mekundu ninayoyapenda, bila hata neno moja? Mfuko wenyewe niliunusa. Ndivyo nilivyo siku hizi, na wewe unajua nilianza lini.

Unakumbuka tulivyoingia biashara ya mtandao, ile ya kuuza huku ukiingiza wenzako, mwezi mmoja, kila mtu na kampuni yake? Wewe na unga wako wa kahawia wa kukoroga kwa maji moto, mimi na wangu wa kijani, na zote mbili tulisema ni dawa za tumbo. Watu wa hapa Lanet walitucheka. Mke wa mtu na dada wa mumewe, majirani wa kutenganishwa na ua tu, wanauza vitu vinavyoshindana! Ndipo ukaleta sheria yako: mmoja akiuza, mwenzake anakunywa chai. Tuliingia nyumba za watu pamoja, na nikianza kueleza, wewe unainua kikombe na hukishushi mpaka nimalize. Siku moja yule mwalimu mstaafu alikuuliza waziwazi ipi ni bora.

"Mwalimu, mimi najua yangu," ukamwambia. "Ya wifi muulize mwenyewe, si huyu hapa?"

Akanunua yangu. Njiani nilikutania kwamba umepoteza mteja kwa sababu ya kikombe cha chai. Ukajibu kwamba kusifu usichokijua ni uongo, na kukiponda pia ni uongo, kwa hivyo afadhali chai. Nilicheka sana. Sikujua kwamba hiyo ndiyo ilikuwa biashara yenyewe, unga ulikuwa kisingizio tu.

Mimi nilifunzwa mengine. Kila Jumamosi nilienda mjini Nakuru kwenye ukumbi wetu, tunapiga makofi, tunatoa ushuhuda, halafu kiongozi aliyeniingiza anatufundisha kuhusu watu hasi. Anayekuuliza maswali ni mtu hasi. Anayenyamaza ni hasi zaidi, maana hujui anapanga nini. Tulipewa karatasi tuandike majina ya wezi wa ndoto zetu. Jina la kwanza niliandika la kaka yako, kwa sababu alikuwa ameuliza mikebe ya unga iliyojaa chini ya kitanda itaisha lini. La pili niliandika lako. Hukuwa umenikosea kwa lolote. Nilitaka tu karatasi isibaki na jina moja.

Halafu wateja wangu wa kikundi cha akina mama kanisani wakaanza kupotea. Mama Kevo, aliyekuwa akinunua kila mwezi, tulikutana kwa bucha akaanza kuangalia mawingu kana kwamba ana shamba linalongoja mvua. Wewe ulikuwa umeweka mapazia mapya, pesa sijui za wapi. Ukiniona unafunika simu. Nikajiambia kikulacho ki nguoni mwako, na kuanzia hapo kila ulichofanya kilikuwa ushahidi. Ukinisalimu kwa furaha, unaficha kitu. Usiponisalimu, dhamiri inakusuta. Ningekukuta umelala ningesema unajifanya.

Nikakutegea. Yule msichana aliyekuja kwako kutoka Njoro, aliyejiita Njoki na kusema ana kiungulia, hakuwa mteja. Alikuwa wa timu yangu, na simu ilikuwa ikirekodi ndani ya mkoba. Nilimwambia akuulize kuhusu unga wangu. Jioni alinitumia sauti yako, na mpaka leo ninayo.

"Ile ya kijani?" unasema. "Enda hapo kwa geti ya bluu, kwa wifi yangu. Watu wanaisifu. Na yeye ni mtu mkweli, hawezi kukuuzia kitu haikufai."

Njoki, ambaye hakuwa ametumwa kusema hivyo, akaongeza kwamba anameza dawa za presha.

"Ah, basi hiyo usinunue," ukasema. "Na yangu pia usinunue. Uliza daktari kwanza, mrembo."

Nilisikiliza mara tatu. Unajua niliwaza nini? Kwamba umejua unarekodiwa. Hakuna mtu anayemsifu mshindani wake akiwa hana anayemsikia, nilijiambia, huyu ananichezea. Kwa hivyo nikatafuta pale nilipodhani umejisahau ukasema ukweli wako, nikakata hapo. "Hiyo usinunue." Maneno mawili. Nikayatuma kwenye grupu ya WhatsApp ya timu yetu, watu arobaini na kitu, nikaandika chini yake: huyu ni wifi yangu wa damu. Hata hilo la damu lilikuwa uongo, wifi wa damu ndio nani?

Yaliyobaki uliyaona mwenyewe. Timu yangu ilizunguka nyumba kwa nyumba ikikusema, sauti ile ikafika kanisani, na wateja wako wakakukimbia kuliko wangu walivyonikimbia mimi. Ukaja mlangoni kwangu asubuhi moja, na kanga yako mabegani.

"Mama Brayo, ni wewe?"

"Sijui unaongea nini."

Ukaikaza ile kanga. "Sawa. Chai iko?"

"Gesi imeisha," nikakuambia.

Sufuria ilikuwa ikichemka nyuma yangu, wifi. Uliisikia. Wiki hiyo wewe na mumeo mkahamia Longonot kwenye shamba la wakwe zako, na mimi nikamwambia kiongozi wangu kwamba Mungu ameniondolea mtu hasi. Akanipigia makofi kwenye simu.

Mwezi uliopita nilimkuta Mama Kevo kwa mama mboga. Safari hii hakuangalia mawingu. Nilimuuliza ulimwambia nini hata akaniacha.

"Wifi yako?" akashangaa. "Huyo ndiye alikuwa anakutetea. Ni wewe, Mama Brayo. Ulikuja matanga ya mamangu na mikebe kwa kiondo. Sisi tunalia, wewe unauliza nani ako na vidonda vya tumbo. Tulikuwa tunakuhepa wewe."

Nilisimama pale na sukuma wiki yangu mkononi, zamu yangu ya kuangalia mawingu. Ni kweli nilienda na kiondo. Wawili walinunua siku hiyo, na nilitoka nikisema matanga yalikuwa mazuri.

Nimejaribu kumlaumu yule kiongozi. Lakini mkono uliokata sauti ulikuwa wangu, na sasa mtu ninayemshuku kuliko wote ni mimi mwenyewe. Hata barua hii naishuku. Pengine naandika ili nionekane mwema. Ndiyo sababu sikuiandika ya siri. Jumapili baada ya ibada nitaisoma mbele ya akina mama, kisha nitume sauti yako yote, bila kukatwa, kwenye grupu ile ile. Kiongozi amesikia na amenipigia mara mbili. "Mathe, utaharibia team yote jina," anasema. "Futa tu hiyo kitu, watu washasahau." Najua nikimaliza kusoma sitakuwa na timu, na pengine nisiwe na pa kukaa kanisani. Naogopa, wifi. Naogopa sana. Lakini uongo ulisikilizwa na watu wengi, siwezi kukuomba msamaha kwa kunong'ona.

Maharagwe niliyapika jana. Kaka yako alikula sahani mbili, na kila kijiko ananiangalia kama anangoja nianguke kwa sumu. Yalikuwa maharagwe tu. Hilo ndilo lililoniliza, kwamba yalikuwa maharagwe tu.

Sikuombi urudi Lanet. Lakini ukipita Nakuru kwa shughuli zako, geti bado ni ya bluu. Gesi haijawahi kuisha. Keti kwenye kile kiti chako karibu na dirisha, useme yote uliyonyamazia, hata ukikaa mpaka jioni. Sitajitetea na sitakukata. Safari hii ongea wewe, mimi ninywe chai.

Ni mimi,
mke wa kaka yako