Mama Dorsila Ajwang', Kanisa Lililoanzia Sebuleni Kwako

Mwaka umezunguka, Mama, tangu tukulaze kaburini Asembo Bay, na bado kuna watu wanaobisha hodi hapa mtaani Manyatta wakiuliza, "Mama Kanisa yuko?" Tunawakaribisha ndani na kuwaeleza.

Jina hilo ulilipata kwa jasho. Ulipohamia Kisumu kuuza omena, dagaa wa ziwani, katika soko la Kibuye, ulisema watu watamwomba Mungu sebuleni kwako. Kila Jumapili asubuhi kitanda kilitolewa nje, viti vikaazimwa kwa majirani, na uji ukawekwa motoni kwa wale waliokuja bila kula. Mwanzo mlikuwa watatu tu: wewe, Baba, na Mama Mwihaki, muuza mboga mwenzako sokoni aliyetoka Nyeri. Yeye hakujua Dholuo, lugha yetu Wajaluo, kwa hivyo mliomba kwa Kiswahili. Wengine walipojiunga walinung'unika, ukawaambia, "Mgeni akiwa ndani, tunaongea lugha anayosikia."

Sebule ikajaa. Likajengwa kanisa la mabati, baadaye la mawe, na wewe na akina mama wengine mkabeba mchanga kichwani. Kutoka hapo ushirika mwingine ulizaliwa Awasi. Ulifurahi kama umepata mjukuu.

Kisha wazee wa kanisa wakaanza kugombana. Baadhi walitaka ibada iwe ya Dholuo peke yake, wengine wakakataa. Ulizunguka nyumba kwa nyumba ukiwasihi, miguu ikiwa imevimba. Tulikuambia upumzike. Hukusikia.

Ulianguka ukianika omena. Kiharusi kilikunyang'anya mkono wa kulia na maneno yote.

Pande zote mbili zilikuja hospitalini. Mzee Opiyo, kiongozi wa waliotaka Dholuo, aliinama akakuomba, "Mama, waambie watusikize." Mama Mwihaki naye akalia, "Mama Ajwang', waambie wasitufukuze." Ulifungua mdomo, ikatoka sauti tu. Machozi yakakutiririka hadi kwenye mto. Kila upande ulienda ukidai kwamba umewaitikia. Sisi tulikuwepo, Mama. Hukumwitikia mtu. Tuliwaambia hivyo, wala hakuna aliyetuamini.

Kabla hujafa, kanisa lilikuwa limegawanyika. Akina Mwihaki waliondoka, wakaanza kuomba katika darasa la shule. Siku ya mazishi kwaya zote mbili zilifika. Tuliwaomba waimbe pamoja, hata wimbo mmoja tu. Walikataa, tena kwa adabu.

Jumapili hii kila upande umetangaza ibada ya kukukumbuka, saa ile ile. Jana Baba alituuliza sisi wanao, "Sasa tutaingia ya nani?" Milka akainuka akaenda jikoni. Wewe ungejua la kumwambia. Sisi hatujui, na tumejaribu.

Kwa hivyo Jumapili tutakuja kaburini kwako Asembo Bay. Tumewaalika wote, wa kanisa na wa darasani. Mpaka tunapoandika haya, hakuna aliyesema atakuja, na hakuna aliyekataa.

Unakumbukwa na mumeo, Mzee Odongo, wanao, Frankline na Milka, mkweo Mukhwana, wajukuu waliokuita Dani, yaani nyanya, na Mama Mwihaki, aliyeomba aandikwe hapa pamoja na familia.

Maadamu tungali hai, Mama, hututoki moyoni.