Shufaa Asifunge Safari

Mtaa wa Hunter,
Bellevue,
Johannesburg.
7 Septemba 2025

Mpendwa Dada Saida,

Shikamoo dada. Goti linaendeleaje? Na Mama, kile kikohozi kimemwacha? Naomba barua hii iwakute nyote wazima hapo Ngamiani. Huku afya tunazo, alhamdulillahi, na baridi imeanza kulegea. Mengine yote yameharibika.

Anayekuletea barua ni Naseeb, fundi cherehani jirani yetu, anarudi Tanga kesho. Kwa simu nimejaribu mara tatu. Kila nikisikia sauti yako naishia kuuliza habari za mvua.

Utaona anuani imebadilika. Nyumba ya Sandton tuliihama mwezi wa nane. Sasa mimi na mke wangu tumepanga chumba huku, kwenye nyumba kuukuu iliyogawanywa vyumba tisa. Zabibu halalamiki. Afadhali angelalamika.

Dada, benki imelifunga dawati langu. Najua kazi yangu hamjawahi kuielewa, na Mama huwaambia watu kwamba benki ni yangu. Iko hivi: kuna mifuko ya uwekezaji yenye hisa za makampuni mengi ndani yake, na mfuko wenyewe unauzwa kwenye soko la hisa kama hisa moja. Ni kama muuza mboga akufungie nyanya, vitunguu na bamia pamoja, ununue fungu moja. Sasa lazima wawepo watu wa kutaja bei ya kununua na bei ya kuuza tangu soko linapofunguliwa hadi linapofungwa, wasikimbie hata siku bei zikiporomoka. Watu hao ndio dawati. Benki isiyo nalo ilikuwa ikiniita. Natafuta watu, nawafundisha, nabishana na mafundi wa kompyuta mpaka dawati linasimama. Nimejenga matatu kwa miaka kumi na minane. Hili la mwisho nililipenda kuliko yote.

Wakubwa wameamua bei zitajwe na mashine iliyoko London. Mimi na watu wangu saba tuliondoka siku moja, mwisho wa Juni. Nimebisha hodi kila benki hapa. Wote wananisifu weee, kisha wananiambia hawajengi tena. Nina miaka hamsini na mitatu, na kibali changu cha kazi ni cha benki ile ile, kinakwisha Desemba. Matumaini sina, dada.

Na bado kila asubuhi navaa tai. Juzi Pitchou, Mkongo wa chumba cha pili, mlinzi, akaniuliza, "Eish, Papa Twalib, hiyo kravati unavalaga ya kwenda wapi?" Nikacheka naye. Nilipoingia ndani nililia.

Lakini lililonishikisha kalamu ni la mwanao. Shufaa asifunge safari. Ile nafasi niliyomwahidi kwenye dawati langu haipo, wala sina pa kumlaza. Jana Zabibu aliniambia, "Mtoto wa watu anapanga mabegi, wewe unanyoosha tai." Kasema kweli.

Kuna baya zaidi. Unakumbuka mliponipigia baada ya Idi, kuniuliza kama aikubali ile kazi ya uhasibu pale kiwanda cha katani? Nami nikajibu kwa kishindo aikatae, aje kwa mjomba wake. Siku ile nilikuwa nimeshajua. Tuliambiwa katikati ya Ramadhani kwamba dawati linafungwa. Nilijua, dada! Ila mlikuwa mmeweka simu kwenye spika, nikamsikia Mama na majirani wakinipigia vigelegele, nikaona haya kusema kweli. Nikajidanganya kwamba nitapata benki nyingine kabla hajafika. Kiwanda nimekiuliza, kimeshaajiri mtu mwingine. Sina cha kumrudishia mtoto.

Nisalimie shemeji Mahmoud na mdogo wetu Najma. Mama msalimie sana, ila habari hii mpe polepole, akiwa ameshakula. Zabibu anawasalimu wote. Mwenyezi Mungu akulinde, na akupe moyo wa kunifungulia mlango Desemba nikibisha hodi.

Shufaa usimpe salamu zangu. Mpe barua hii aisome mwenyewe, yote, na ile simu ya baada ya Idi usimfiche.

Mdogo wako akupendaye, na mwenye haya,
Twalib