Jogoo Asiye na Mkia

Kaka yangu uliye mbali,

Video yako nimeirudia hadi simu ikazima. Umesimama mtoni, maji yamekufika magotini, unarusha mshipi na kueleza kwa sauti ya chini kama mtu aliye kanisani. Unasema baridi inaisha huko, watoto wa samoni wanateremka kwenda baharini, na samaki aitwaye trauti anawavizia njiani awale. Ndoano yako haina chambo, ina manyoya tu, umeyafunga kwa uzi yafanane na kisamaki. Kuna mzungu nyuma yako anakusifu. Nikacheka peke yangu jikoni hapa Bukoba, maana anadhani umejifunza kwao.

Waitu, ndugu yangu, hayo si tuliyafanya kwetu Kimwani? Masika yakikolea, kijito chetu kilijaa, visamaki vikatoka kwenye matete kuingia ziwani, na sangara wadogo wakavisubiri pale maji yanapokutana. Wewe ulikuwa na ufito na uzi. Mimi kazi yangu ilikuwa kumshika jogoo mweupe wa mama ili uchomoe unyoya. Uliniahidi mmoja tu! Wa kwanza ukanasa kwenye matete, wa pili sangara akauchana, na sisi tukaendelea kuchomoa.

Hatukujua kwamba mama amemweka nadhiri jogoo yule kwa sikukuu ya mavuno. Alimkamata alfajiri, gizani, akamtia kapuni. Baada ya ibada, sadaka zikanadiwa nje kama kawaida: mikungu ya ndizi, kahawa, mayai. Ilipofika zamu yetu, mzee wa kanisa akamwinua jogoo juu, watu wakaona nyuma hana kitu.

"Huyu ana ugonjwa gani?"

Wewe ukajibu bila aibu, "Ni joto, mzee." Joto, na mvua ilikuwa inatunyeshea wote.

Hakuna aliyemtaka. Mama akalazimika kumnunua jogoo wake mwenyewe. Njiani alitangulia mbele bila kugeuka, mimi nikajua leo tumekwisha. Kumbe alikuwa anajizuia. Tulipofika mgombani alikaa chini akacheka hadi machozi, kisha akasema, "Kesho mnipeleke nikaone mnavyovua kwa manyoya ya jogoo wangu." Akaja kweli. Alirusha mara moja, ndoano ikanasa kwenye kitenge chake.

Video hiyo ndiyo salamu yako ya kwanza tangu tumzike mama. Hukuandika hata neno chini yake. Nakujua, unadhani tumekukasirikia kwa kutokuja. Kaka, karatasi zako huko hazijakamilika, ungetoka wasingekuruhusu kurudi, na una mke na mtoto. Nani hajui hilo? Mimi ndiye niliyeshika simu pale kaburini ili usikie, nikakusikia ukilia, halafu mtandao ukakatika kabla mchungaji hajamaliza. Tangu hapo ukanyamaza.

Sikufichi, maneno yalikuwapo. Baba mdogo aliuliza mbele ya watu, "Mtoto wa kwanza yuko wapi aje atangulie kutupa udongo?" Nilitaka kumjibu vibaya. Nikamtazama, naye alikuwa analia, hasira ikaniisha. Ukoo ukakubaliana nitangulie mimi. Nikatupa wangu. Wakaniambia nitupe na kwa niaba yako, yaishe. Nikakataa, wakaniona mkaidi, na kweli ni mkaidi.

Roho inaniuma kwa ajili yako. Sisi tulilia pamoja, tukalala pamoja kwenye nyasi za msiba, tukapikiwa na majirani. Wewe ulilia chumbani, kesho yake ukaenda kazini. Nikikuona kwenye maji yale peke yako, natamani nije nisimame hapo kando, hata kama nitaganda. Piga simu. Kama huna la kusema, usiseme, nitaongea mimi. Unajua siishiwi maneno.

Fundi anatuandama ajenge kaburi kwa saruji na marumaru kama la baba. Baba mdogo anasukuma, anasema majirani wanatushangaa. Nimewaambia wasubiri. Nikienda nyumbani nang'oa nyasi za kaburini kwa mkono wangu. Karatasi zikikaa sawa mwaka huu, au zikichukua miaka mingine, utalikuta kaburi kibanjani, kwenye migomba yetu, bado ni la udongo. Nafasi yako ipo, kaka. Uje utupe wako, ndipo tumjengee mama.

Ubaki na amani hadi siku hiyo.

Ni mimi, mdogo wako wa kike