Kiti yangu ya Alhamisi

Alhamisi, ukungu bado umelala juu ya kijiji chetu cha Muheto.

Sasa hivi Amani wangu amemusukuma mutoto wa jirani kutoka kwenye magoti yangu. Amemusukuma na mikono miwili, bila kelele, halafu akapanda yeye na kushika nguo yangu kama muntu anayeshika mulango wa nyumba yake. Mwenzake ameangukia kwenye maganda ya maharagi, analia. Amani iko na miaka mbili tu. Nilitaka kumupiga kofi.

Sikumupiga, kwa sababu nilijiona mimi mwenyewe ndani yake.

Huyu anayelia ni Riziki. Mama yake ameniachia yeye, ameenda kwa Mama Solange, yule anayesikiliza wamama kwenye kituo cha afya. Kila Alhamisi mimi njo naingia wa kwanza, Mama Riziki ananifuata. Leo nilimuambia: "Enda tu, uchukue na saa yangu. Mimi niko na maharagi ya kupiga."

Nilidanganya. Maharagi hayajakauka.

Tangu tulipokimbia vita na kurudi, kifua kilikuwa kinanibana, usingizi hakuna. Mama Solange alinipa kiti pembeni yake, si mbele, ili nisimuangalie usoni. Akasema: "Sema lile linalokuja, hata kama unaliona la upuuzi." Nilingoja dawa ao shauri. Yeye ananyamaza tu. Na katika kule kunyamaza kwake nikaanza kujisikia mimi mwenyewe ninasema. Nimesoma mpaka darasa la sita tu, primaire, hakuna aliyewahi kuniuliza ninawaza nini.

Nikamupenda. Nilimupenda kama mutoto anavyopenda.

Kwetu hauendi kwa muntu anayekusaidia mikono mitupu. Siku moja nikamupelekea kitunga cha maharagi mapya, nimeyachagua moja moja. Akakataa. "Hapa, mama, unaleta maneno tu." Nikarudi na kitunga kichwani, wamama njiani wananiuliza kama ninauza.

Halafu Alhamisi iliyopita nilisahau kitenge changu kule ndani. Nikarudi kukichukua, nikakuta mulango umefungwa. Nikasikia Mama Solange anacheka. Anacheka na Mama Riziki.

Na mimi hajawahi kucheka.

Juma nzima kile kicheko kimenifuata mpaka shambani. Niliwaza pengine maharagi ya Mama Riziki yeye aliyapokea. Pengine maneno yake ni matamu, yangu ni machozi tu. Ndiyo maana leo nikabaki. Najua anayeacha kuja, kiti yake inapewa mwingine. Wanaongoja ni wengi. Nilisema moyoni: basi wapewe.

Lakini kuna siku Mama Solange aliniuliza: "Kabla ya huyu unayemukasirikia leo, nani alikuwa wa kwanza kukukasirisha?" Leo Amani amenijibia.

Wa kwanza ni mudogo wangu. Nilikuwa kwenye mugongo ya mama. Siku alipozaliwa, walinishusha chini, wakasema wewe sasa uko mukubwa. Nikakubali. Mukubwa hasukumi muntu. Mukubwa anaacha nafasi, anasema iko na kazi, halafu anaenda kulia nyuma ya jiko. Miaka yote nilidhani yule mukubwa njo mimi. Kumbe chini yake kuna mwingine, bado anataka mugongo.

Nimemuokota Riziki. Nimemuweka kwenye goti la kushoto, Amani kwenye la kulia. Wanaangaliana vibaya, lakini wanatosha. Ninaandika haya kwenye telefone na kidole kimoja.

Nikienda Alhamisi ijayo, kama kiti itakuwa bado iko, nitamuambia ile mbaya yenyewe: Mama, nina wivu na kicheko chako. Sijui kama atanyamaza ao...

Mama Riziki huyu, anapanda njia, anapiga mayowe kutoka kule chini:

"Mama Amani, maharagi gani unapiga na telefone? Mudanganyi wewe. Mama Solange amekataa nikae kwenye kiti yako. Anasema saa hii ni yako hata kama haukuje. Iko ananyamaza peke yake kule. Nipe mutoto wangu, ukimbie."

Ninavaa viatu. Amani ananishika mguu, nitamubeba kwenye mugongo, na nikifika kitu ya kwanza nitakayomuambia ni: Mama, nina wivu...