Mugeni Amenichukulia Darasa

Kibagabaga, Kigali,
16 Februari 2025

Mpendwa Dada Athanasie,

Shikamoo. Habari za Bukoba? Goti lako limepoa, au bado linakusumbua ukipanda ngazi za kanisani? Shemeji naye ameacha kukohoa? Sisi huku ni wazima wa mwili. Mvua imeanza mapema, na maharage niliyopanda nyuma ya nyumba yamechipua vizuri.

Ila moyo wangu si mzima, dada. Nina wivu. Nakuandikia wewe kwa sababu hapa nyumbani siwezi kulitamka neno hilo.

Nilikueleza kwamba chuo chetu kimehamishia masomo mengi mtandaoni. Ni chuo cha binafsi, kinaogopa wanafunzi wasije wakahamia kwingine, kwa hiyo mkuu wa kitivo, Bwana Bayingana, aliagiza kila mhadhiri arekodi masomo yake. Mimi nafundisha takwimu tangu Kayitesi wangu yuko chekechea, na sasa naye ni mwanafunzi hapo hapo chuoni. Mwaka jana wakamwajiri binti mmoja, Mugeni, afundishe takwimu hizo hizo. Kisha wakatangaza kuwa wanafunzi watachagua wenyewe mhadhiri wao, na atakayekosa wanafunzi, darasa lake litafungwa.

Nikarekodi kama nilivyozoea kufundisha. Nasoma sentensi, nanyamaza waandike, naisoma tena. Nauliza, "Tuko pamoja?" halafu nasubiri wajibu. Nilivaa hata kile kitenge ulichonitumia Krismasi. Hakuna aliyeniambia kwamba kwenye video ukimya wote ule unabaki palepale, nami nimekodoa macho kama mtu aliyesahau la kusema.

Siku moja napita mlangoni kwa Kayitesi, nasikia kisauti chembamba kinakimbia kama cha kifaranga. Kumbe ni mimi! Ananisikiliza kwa kasi maradufu. Binti yangu wa kumzaa!

Mugeni yeye hasomi chochote. Anachora, anacheka, anajibu maswali kwenye simu hata Jumapili. Eti anaeleza wastani kwa namba za viatu vya maduka ya Gisimenti. Kwenye korido wanafunzi wanamzunguka, mimi wananipisha nipite. Nikiiona tu ile misuko yake, nageuza njia, sikufichi. Tena ni mpole, akinisalimia anainama, sina hata pa kumshikia.

Wiki iliyopita tukiwa mezani Kayitesi akaweka kijiko chini. "Mama, usikasirike. Nimejiandikisha kwa Mugeni. Wewe unatungoja tuandike, lakini siku hizi hakuna mtu iko naandika."

Nilimwongezea mboga. Nikaingia chumbani nikalia mpaka baba yake akadhani kuna msiba huko kwenu.

Basi darasa langu limefungwa, dada. Nimepewa kusimamia tafiti za wanafunzi wa mwaka wa mwisho, na Bwana Bayingana anaiita heshima. Mugeni alikuja ofisini kuniomba turekodi somo moja pamoja. Nikamjibu kwa tabasamu kwamba nimebanwa na kazi. Kazi gani? Nilikuwa nimekaa natazama ukuta.

Jana, Kayitesi alipokwenda kwaya, nilifungua somo la Mugeni nimtafutie makosa. Nikalitazama hadi mwisho. Lilipokwisha nikafungua la pili, kisha la tatu, chai ikapoa mbele yangu. Anafundisha vizuri, dada. Ningekuwa mwanafunzi, ningemchagua yeye. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Kayitesi akikupigia, tafadhali usimwambie.

Nisalimie shemeji, mwanangu Jean-Luc na jirani yenu Mzee Usumani. Mungu awape afya na usingizi mtamu, nami anilainishe moyo kabla sijakutana na yule binti kwenye korido kesho asubuhi.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata nikiwa nimenuna,

Mukunde